Wastani Hadi Juu ya Wastani: Nani Kaandika Kiswahili Hiki?

Jioni moja ya Novemba, hapa Chang'ombe, mama alinipa simu yake nimsomee. Macho yake hayana shida. Mama anasoma hata kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Alinipa kwa sababu alishaisoma ile taarifa mara mbili na bado hajui anatakiwa afanye nini. Ulikuwa utabiri wa msimu, umerushwa kwenye grupu la kikoba chao. Mvua za wastani hadi juu ya wastani zinatarajiwa katika maeneo mengi. Vipindi vya ukavu vinaweza kujitokeza. Wakulima wanashauriwa kufuata ushauri wa maafisa ugani.

"Sasa," akauliza, "ninunue mahindi au ninunue Macia?"

Kwa msomaji asiyelima huku kwetu: Macia ni mbegu ya mtama mfupi, unaokomaa mapema na unaovumilia jua la Dodoma. Mama ana ekari tatu njia ya Chamwino. Mahindi yakipata mvua yanauzika haraka; yakiikosa, anakula hasara na njaa kwa pamoja. Mtama unavumilia, ila kweleakwelea wakiuvamia unaweza kurudi shambani ukakuta mabua tu. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la pesa, na pesa yenyewe ya mara moja kwa mwaka.

Nikamjibu kwa kumsomea tena, polepole zaidi, kama mgeni anayeongeza sauti akidhani ndo utaelewa lugha yake. Akanyamaza. Mimi nina shahada, nina miaka zaidi ya kumi kwenye uandishi wa habari, na nilishindwa kumfasiria mama yangu Kiswahili kwa Kiswahili.

Najua hapa tumezoea kubishana kuhusu riwaya na ushairi. Leo nataka tubishane kuhusu utabiri wa hali ya hewa, kwa sababu sidhani kama kuna nathari ya Kiswahili inayosikilizwa na watu wengi kuliko hiyo. Kila usiku baada ya taarifa ya habari inasomwa. Wavuvi wanaisikia, madereva wa malori wanaisikia, mama zetu wanaisikia. Halafu sisi tunaojiita watu wa lugha hatujawahi kuiangalia hata siku moja kama maandishi. Tunamchambua mtunzi aliyeuza nakala mia tatu, na matini inayoamua kama familia italala ndani ya nyumba au juu ya paa tunaiacha ipite.

Na ni matini mbovu. Nasema hivyo nikijua kwamba sayansi iliyo nyuma yake si mbovu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza usahihi wa zaidi ya asilimia 80, na mimi naamini. Ubovu uko kwenye sentensi.

Anza na hilo neno wastani. Kwenye utabiri wa msimu, wastani ni kiasi cha mvua ukilinganisha na miaka mingi iliyopita. Kwenye tahadhari za siku chache linageuka: uwezekano wa kutokea, wastani, kiwango cha athari zinazoweza kutokea, wastani. Neno lilelile, mwandishi yuleyule, maana mbili zisizofanana. Na mtaani lina maana ya tatu. Ukimuuliza mtu mambo yakoje akakujibu "wastani tu", unajua kabisa mambo si mazuri na labda anataka kukukopa. Sasa mtu wa Nkuhungu anayesoma kwamba uwezekano wa mafuriko ni wastani afanye nini? Atoe godoro nje au alale?

Wakati kumbe jambo lenyewe linaelezeka. Katika utabiri wa msimu wa ukanda wetu, ule unaotolewa na kituo cha ICPAC cha nchi za IGAD pale Kenya, wanachukua mvua za miaka 30, wanazipanga kuanzia mwaka wa ukame hadi mwaka wa gharika, wanazigawa mafungu matatu yaliyo sawa. Fungu la kati ndilo wanaloliita wastani. Kwa hiyo "wastani hadi juu ya wastani" maana yake ni kwamba msimu unaokuja una nafasi kubwa zaidi ya kufanana na yale mafungu mawili ya juu kuliko lile la chini. Fungu la chini halijafutwa. Likibaki na nafasi ya asilimia 25, hiyo ni misimu minne kama huu, mmoja unakuumiza. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba. Anakopesha watu wanne huku akijua mmoja atasumbua, na hesabu hiyo anaifanya kichwani bila kalamu. Uwezekano haumshindi. Kilichomshinda ni neno lililoficha uwezekano.

Halafu kuna jambo lingine ambalo kila Mgogo analijua na taarifa inalisema kwa aibu. Dodoma mjini tunapata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Jumla hiyo inaweza kutimia vizuri kabisa na bado ghala likawa tupu, kama mvua itapiga wiki tatu za mwanzo halafu ikatoweka Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Mkulima anauliza lini na kwa kupishana siku ngapi. Taarifa inamjibu kiasi gani. Hicho kisentensi cha "vipindi vya ukavu vinaweza kujitokeza" ndicho kilichobeba msimu mzima, na kimewekwa mwishoni kama salamu kwa wote wanaonifahamu.

Nitoke kidogo nje ya Dodoma. Nina binamu yangu, tumekua naye Mpwapwa, sasa hivi anafanya kazi za ghala Fort Worth, Texas. Februari 2021, siku chache kabla ya ile dhoruba kubwa iliyozima umeme sehemu kubwa ya jimbo, simu yake aliyoiweka kwa Kiswahili ilimwambia itanyesha "mvua ya kuganda". Akafikiri kwa Kiswahili chake. Mvua ya kuganda ni nini kwa mtoto wa Mpwapwa? Ni mvua ya mawe. Akachungulia dirishani alfajiri, akaona matone ya kawaida, rasharasha tu, hakuna jiwe. Akashukuru Mungu, akafungua mlango. Ngazi ya pili akateleza, akavunjika kifundo cha mkono.

Kilichotokea angani asubuhi ile kinaelezeka kwa Kiswahili cha darasa la tano, na nitakieleza hapa kwa makusudi kwa sababu nimechoka kuambiwa hakielezeki. Huko kwao wakati wa baridi, mvua nyingi huanzia juu kama theluji. Ikishuka kwenye hewa ya baridi mpaka chini, unapata theluji. Lakini mara nyingine katikati ya safari kuna tabaka la hewa yenye joto. Theluji ikipita hapo inayeyuka, inakuwa tone. Kama chini ya tabaka hilo kuna baridi nene, tone linaganda tena likiwa hewani na kufika kama vipunje vya barafu vinavyorukaruka kwenye paa. Kama baridi ya chini ni nyembamba, tone halipati muda wa kuganda. Linafika likiwa maji, lakini maji yaliyo baridi kuliko barafu, na likigusa tu kitu, iwe lami, ngazi, waya wa umeme au tawi la mti, linaganda palepale na kukitandika kama kioo. Tofauti kati ya hali hizo tatu inaweza kuwa digrii moja au mbili, au unene wa hewa wa mita mia chache. Ndiyo maana watabiri wa huko wanasema hakuna dhoruba inayowatoa jasho kama hii yenye mchanganyiko: mtaa huu theluji, mtaa wa pili vipunje, mtaa wa tatu kioo, na mstari kati yao unahama kila saa.

Umeona? Hakuna neno hata moja lililoshindikana. Binamu mwenyewe, mkono ukiwa kwenye plasta, aliniambia kwa simu, "Aisee, wangeniambia mvua ya kioo ningebaki ndani." Mvua ya kioo. Kalitunga akiwa na maumivu, na ni bora kuliko lililotungwa na mashine, kwa sababu linakuambia itakufanya nini.

Niwe mkweli lakini. Februari 11 mwaka huo, kwenye barabara ya I-35W ya Fort Worth hiyohiyo, magari zaidi ya 130 yaligongana juu ya kioo cha namna hiyo na watu sita wakafa. Wengi wa wale nadhani walikuwa wanakijua Kiingereza chao vizuri. Kwa hiyo sidai kwamba lugha peke yake inaokoa. Nadai kwamba lugha mbovu inakunyima hata hiyo nafasi ya kupuuza kwa hiari yako.

Kuna kisa cha zamani ambacho nadhani kingefundishwa kila darasa la tafsiri. Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Alipomuuliza kiongozi wake wa msafara ule weupe ni nini, yule mtu alimjibu neno moja: baridi. Kule London mwanajiografia mmoja, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, aliandika kwa miaka akikataa kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Yule kiongozi hakuwa na hilo neno theluji mdomoni, ila hakukosea. Alitaja kitu kile kwa namna kinavyougusa mwili wa mtu. Aliyekuwa na msamiati kamili ndiye aliyekosea.

Na sisi tunaambiwa kila kongamano eti Kiswahili hakina maneno. Manyunyu, rasharasha, mvua ya mawe, mchoo, vuli, masika, gharika, tufani, kimbunga, kusi, kaskazi, kipupwe. Watu wa pwani walikuwa wanapanga safari za majahazi hadi Oman kwa kusoma pepo mbili tu na kuzipa majina. Tatizo siyo maneno. Tatizo ni kwamba anayeandika ameanza na fomu ya Kiingereza mezani, safu na mistari yake, akajaza visanduku.

Angalia ngazi za onyo. Zipo tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mwambie mtu yeyote pale soko la Majengo akupangie kipi kikali kati ya angalizo na tahadhari. Nimejaribu. Muuza nyanya mmoja aliniambia angalizo ndo kali, kwa sababu "mwalimu akikuangalia jua umekwisha". Anayetaka kumcheka amcheke. Kwangu mimi huo ni uhakiki wa matini, na sahihi kabisa. Rangi zipo, ndiyo, lakini redioni hakuna rangi.

Kisha ile sentensi ya athari: baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Nataka tukae nayo kidogo. Nia iliyoizaa ni nzuri. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likizihimiza nchi ziache kutangaza tu hali ya hewa itakuwaje, zitangaze itafanya nini, na Mamlaka yetu ikafuata. Matokeo yake kwa Kiswahili ndo hayo. Baadhi, yapi? Makazi, ya nani? Kuzungukwa, kama vile maji ni wageni waliokuja kukaa kimya pembeni ya nyumba. Hakuna mtu ndani ya sentensi hiyo. Hakuna mtoto, hakuna ukuta wa tope unaolowa kutoka chini, hakuna saa. Sentensi hiyohiyo inatumika Lindi na Kagera, mwezi hadi mwezi, mpaka sikio linaota sugu.

Usiku wa Machi 3, 2015, kijijini Mwakata, Kahama, ilinyesha mvua ya mawe yenye upepo mkali. Nyumba za udongo ziliwaangukia watu wakiwa wamelala. Walikufa zaidi ya 40. Hiyo ndiyo dhoruba yetu ya barafu sisi wa nyanda hizi, haihitaji majira ya baridi wala Texas. Na hapa nawatetea watabiri: wingu la namna ile halitabiriki siku tano kabla. Linajengeka mchana, linapiga jioni au usiku, na hata ukiwa na rada nzuri unapata kama saa moja, pengine pungufu. Lakini katika saa moja hiyo utatuma nini? "Uwezekano wa athari kwa baadhi ya makazi"? Au utatuma, "Kama nyumba yako ni ya udongo, toka sasa hivi uende kwenye jengo la tofali za kuchoma, shule au zahanati"? Rada inanunuliwa kwa mabilioni. Sentensi ile ya pili ni bure, na haipo.

Hata jina la kazi yenyewe tulikosea. Utabiri. Neno limetoka Kiarabu, kwenye kufasiri ndoto. Mtabiri kwa Kiswahili ni yule mzee wa nyota. Kumbe Waingereza waliliona hilo tatizo mapema. Mwaka 1859 meli ya Royal Charter ilizama pwani ya Wales kwa dhoruba, watu zaidi ya 400 wakafa, na Robert FitzRoy, nahodha yuleyule aliyemzungusha Darwin duniani, akaanza kujenga mfumo wa kuonya meli. Makadirio yake ya kwanza kwa umma yalichapwa kwenye gazeti la The Times mwezi Agosti 1861. FitzRoy alichagua neno lake kwa makusudi, akikataa yale ya unabii na ubashiri, ili watu waelewe anatoa maoni yaliyopimwa na hajaoteshwa. Haikumsaidia sana. Magazeti yalimdhihaki kila alipokosea, na mwaka 1865 akajiua. Lakini angalau alijua kwamba jina la kitu linaamua namna kitakavyohukumiwa.

Sisi tuliita unabii, basi tunahukumu kama unabii. Ikinyesha, "kumbe wanajua." Isiponyesha, "waongo hawa." Jengo la Bunge liko hapahapa Dodoma, na kila mwaka waziri anasoma makadirio ya mapato na matumizi. Hakuna anayemwita mwongo mapato yakipungua (au tunamwita, ila kwa sababu nyingine). Tunaelewa makadirio ni makadirio. Kwa nini mvua isiwe na makadirio yake?

Mwaka 2023 tulilipia hilo neno. Agosti, Mamlaka ilitangaza El Niño kwa msimu wa vuli. Oktoba ikaanza polepole, na mitandao ikajaa vichekesho: El Niño iko wapi, imekosa nauli? Kenya ikawa vibaya zaidi, kwani Rais Ruto mwenyewe alisimama Oktoba akasema wataalamu wameona hakutakuwa na El Niño tena. Novemba mafuriko yakaanza, na ndani ya wiki chache yakaua Wakenya zaidi ya 100. Sisi Jumapili ya Desemba 3, asubuhi, tope na mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaupiga mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80.

Siku ile nilikuwa zamu. Na hapa ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe, kwa sababu wiki zote zile nilikuwa nimebandika taarifa za mvua kubwa moja baada ya nyingine, neno kwa neno, pamoja na hayo makazi yaliyozungukwa na maji. Mhariri wangu wa wakati huo alikuwa na kanuni: taarifa ya Mamlaka haiguswi, usije ukatuletea kesi. Nilikuwa nabandika kwa dakika mbili, naenda kunywa chai. Sikuwahi kupiga simu kwa mtabiri kumuuliza, "Mtaalamu, kama mama yako anaishi chini ya mlima, ungemwambiaje?" Sisemi sentensi nzuri ingezuia mlima. Mlima haukusoma taarifa. Nasema kwamba kama mtu mmoja wa Katesh alisoma kazi yangu wiki ile, hakupata kitu cha kumwamsha.

Kanuni ya mhariri wangu ina kiini cha kweli, nikubali. Tahadhari rasmi zinatolewa na Mamlaka peke yake, na ni sawa. Hatutaki kila mwenye bando awe mtabiri. Ila hoja hiyo inanipa nguvu mimi. Kama sauti ni moja tu nchi nzima, basi hiyo moja iandikwe vizuri kuliko zote.

Tena wanaweza. Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, kinathibitisha. Zile taarifa zilikuwa tofauti: kimbunga kiko umbali gani kutoka pwani ya Mtwara, upepo unakwenda kwa kasi gani, kinaelekea wapi, saa kadhaa baadaye taarifa nyingine na umbali mpya. Unaona kitu kinakuja. Boti za Dar na Zanzibar zikasimama, watu wakabaki nyumbani, wavuvi wakavuta ngalawa juu. Kikafika maeneo ya Mafia, kikafifia. Baadaye wapo walionung'unika kwamba "hakikuwa na lolote", ugonjwa uleule wa unabii, lakini wakati wa jambo lenyewe kila mtu alielewa. Kwa sababu lile lilikuwa simulizi. Lina mhusika, lina mwendo, lina saa.

Wengine mtaniambia wanasayansi si washairi, wasibebeshwe mzigo huu. Nakubali asilimia mia. Mzigo ni wetu. Dk. Ladislaus Chang'a, aliyekuja kuiongoza Mamlaka, alichapisha na wenzake mwaka 2010 utafiti kuhusu namna wakulima wa Nyanda za Juu Kusini Magharibi wanavyosoma miti, ndege na wadudu kutabiri mvua. Mwanasayansi alikwenda kusikiliza wakulima wanavyolisema jambo. Mwandishi gani wa Kiswahili amekwenda kukaa wiki moja na watabiri akasikiliza wao wanavyolisema? Nitajieni mmoja. Uingereza wana taarifa yao ya hali ya bahari redioni, kavu kama risiti, na washairi wao wakubwa wameitungia. Sisi tunasubiri wizara itoe zabuni ya tafsiri.

Hapa kwetu ugogoni mvua ilikuwa na mwenyewe. Mtemi ndiye aliyetunza mawe ya mvua, na ikikataa, watu walijua mlango wa kubisha. Sitamani turudi huko. Mtemi naye alikuwa anakosea, na njaa kuu kama Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo ukame na majeshi ya Wazungu yaliyopora nafaka na ng'ombe vilishirikiana kuileta, hakuna jiwe lililoizuia. Ninachokumbuka ni kwamba mzee aliyekuambia habari ya mvua alikuwa anakuangalia usoni. Alijua una ekari ngapi.

Basi usiku ule baada ya mama kunyamaza nilikaa mezani nikajaribu. Nilichukua taarifa ileile, sikuongeza sayansi yoyote, nikaandika:

"Mwaka huu mvua za Dodoma zina dalili ya kuwa za kutosha au kuzidi kidogo. Hiyo haina maana kwamba ukame hauwezekani. Unawezekana, ila si sana. Hata mwaka wa mvua nyingi kunaweza kutokea kipindi cha ukavu katikati ya msimu. Mwenye shamba la bondeni anaweza kujaribu mahindi. Mwenye shamba la mlimani au la kichanga asiweke pesa yote kwenye mahindi."

Asubuhi nikamsomea akiwa anachambua mchele. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Toa hicho kipindi cha ukavu. Sema mvua itakata." Nikatoa. Akaniambia pia hakuna mtu anayesema dalili ya kutosha, niseme zitatosha, kisha niongeze Mungu akipenda. Tukabishana hapo kwa sababu mimi nilitaka uwezekano ubaki, yeye akasema Mungu akipenda ndo uwezekano wenyewe. Nikamwachia.

Mchana akaenda kununua mbegu: mfuko mmoja wa mahindi kwa ajili ya kile kipande cha bondeni, ekari mbili zilizobaki Macia. Na bila kuniuliza alikuwa ameshairusha ile taarifa yangu kwenye grupu la kikoba. Jioni akanijia na simu mkononi. Mwenzake mmoja alikuwa ameuliza, "Hii mbona inaeleweka, imetoka Mamlaka kweli?"

"Nimjibuje?" mama akauliza.

Nikamwambia aandike hapana.